David Livingstone huko Kabambare na Nyangwe



Katika mafundisho ya vijana kuna kijana aliyesimama akauliza swali. Aliuliza kama imani maana yake ni kuamini jambo lisilo na ushahidi. Akaongeza kwamba kama ndivyo, hajui mtu atatenganishaje imani na udanganyifu, kwa sababu mdanganyifu naye hataki kitu kingine ila kuaminiwa. Wazee walimkemea. Mmoja akamkumbusha habari za Tomaso. Sisi tulikuwa tumekaa pale pale mbele, tukiwa mashemasi, wala hatukufungua kinywa. Tangu siku ile swali halikutuacha, na tumeona afadhali tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyepita katika nchi yetu hii, sasa ni miaka zaidi ya 150.

Mtu huyo ni Munganga David Livingstone. Tunajua wengine watanung'unika: gazeti la kanisa lililoanzishwa na Mwafrika lina kazi gani na mzungu wa misioni? Hatumweki kati ya manabii. Njia alizozipita zilifuatwa baadaye na wengine waliokuja na bunduki na fimbo, na babu zetu wa Maniema waliyaonja mambo hayo. Lakini mtu huyu aliugua miezi mingi Kabambare, alikaa sokoni Nyangwe pamoja na mama zetu wa zamani, na ndani yake zilikuwamo namna mbili za kuamini. Ndiyo sababu tumemchagua.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika Uskoti, nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Aliweka kitabu juu ya mashini na kukisoma mstari mstari kila alipopita mbele yake. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mcha Mungu sana. Aliogopa vitabu vya elimu ya mawe, nyota na mimea, akidhani vitamtoa mtoto katika imani. David alichapwa fimbo kwa kukataa kusoma kitabu cha dini alichopewa. Alikaa na mashaka hayo miaka, mpaka alipopata kitabu cha Thomas Dick, mtu aliyefundisha kwamba elimu ya viumbe na imani katika Muumba si adui. Ndipo moyo wake ukatulia. Tunaomba wazazi waliangalie jambo hilo vizuri: si fimbo iliyomrudisha.

Alisomea uganga Glasgow, akapata cheti mwaka wa 1840, na mwaka wa 1841 akafika Afrika ya Kusini akiwa mtumishi wa misioni ya London. Mwaka wa 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Mwalimu Mwafrika jina lake Mebalwe ndiye aliyemwokoa, naye akajeruhiwa. Mfupa ule haukuunga sawasawa maisha yake yote. Msomaji auweke mfupa huo akilini, tutaurudia.

Huko kwa Wakwena alikutana na mganga wa mvua, na mabishano yao aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1857. Tunampenda kwa jambo moja: hakuyaandika ili ajishindie. Mganga wa mvua anamjibu vizuri sana pale. Anasema kwamba Livingstone naye humpa mgonjwa dawa, na mgonjwa akifa haachi kazi yake. Basi kwa nini yeye aache ya kwake mvua isipokuja? Livingstone alimwambia ainyeshe mvua mahali pamoja tu, pengine pabaki pakavu, ili ionekane ni nguvu yake. Yule akakataa kwa kusema kwamba yeye hupenda kuona nchi yote imekuwa kijani na wanawake wanapiga makofi kwa furaha. Ni jibu zuri la mdomo. Lakini tazameni: Livingstone aliomba jambo la kutazamwa kwa macho, na mwenzake akakwepa.

Katika nchi ile mfalme Sechele alibatizwa mwaka wa 1848. Sechele mwenyewe alikuwa mganga wa mvua, akaacha, na ukame ukaja mkali, hata watu wakasema ni kosa la imani hiyo mpya. Baadaye Sechele alianguka kwa habari ya wake zake, na Livingstone akahesabu kazi yake imeharibika. Hapo Munganga alikosa macho. Sechele aliendelea kusoma, kuomba na kuhubiria watu wake miaka mingi bila mzungu kando yake. Ushahidi ulikuwako, ila wa kuutazama alikwisha kuondoka. Sisi tuliolelewa katika kanisa la Kiafrika jambo hilo halitushangazi.

Kuhusu dawa tutasema maneno machache, nayo yanatuuma. Livingstone aliomba Mungu kila siku, na alipopatwa na homa alimeza vidonge alivyovitengeneza mwenyewe, ndani yake kinini. Hakuona kwamba kinini kinamtukana Mungu. Alihesabu kipimo, akaandika siku homa iliporudi na siku ilipoondoka. Katika parokia yetu mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa kali, naye alikuwa ameambiwa na mtu wa maono kwamba kumpeleka kituo cha afya kungeonyesha hana imani. Tulijua. Tulipita mbele ya mlango wake mara mbili, tukasema moyoni hayo ni mambo ya Roho, hayatuhusu. Mtoto akafa siku ya nne. Hatuwezi kuandika habari za imani na ushahidi tukaruka hapo.

Turudi kwa Livingstone. Alivuka Afrika toka Luanda mpaka Quelimane, akafika pwani ya mashariki mwezi wa Mei 1856, na sifa zake zikajaa Uingereza. Na hapa ndipo alipoanza ile namna nyingine ya kuamini. Aliuamini mto Zambezi. Alisema ni njia kuu ambayo Mungu ameifungua kwa ajili ya biashara na Injili, na meli zitapanda mpaka katikati ya nchi. Lakini aliposhuka mto huo alikuwa amekata njia ya nchi kavu kwa sehemu moja, wala hakuitazama. Katika sehemu ile ndimo mlimokuwa maporomoko ya Cahora Bassa. Serikali ikatoa fedha na meli, wakaenda mwaka wa 1858, na meli ikasimama mbele ya mawe. Jamaa za wamisionari waliotumwa Linyanti wakafa kwa homa, watoto wao pia. Askofu Mackenzie akafa Januari 1862. Mke wake mwenyewe, Mary, akafa Shupanga tarehe 27 Aprili mwaka ule ule. Mto ulikuwa mto tu. Jina la Mungu liliwekwa juu yake na mtu ambaye hakwenda kuangalia.

Mtu angedhani amejifunza. Mwaka wa 1866 alirudi, mara hii kutafuta chemchemi za Nile. Alikuwa na habari ya zamani sana ya Herodotus, Mgiriki aliyeandika miaka zaidi ya 2,000 kabla yake, kwamba kuna chemchemi kati ya milima miwili, nusu ya maji yanakwenda kaskazini, nusu kusini. Herodotus mwenyewe aliipata kwa karani wa hekalu la Misri, na akaandika kwamba alimwona kama anafanya mzaha. Livingstone aliibeba mpaka Maniema. Tena alitumaini kukuta huku alama za Musa, ili Maandiko yapate kuthibitishwa. Ni jambo la kushangaza: alitaka ushahidi kwa ajili ya Biblia, akaujenga juu ya mzaha wa karani.

Mwaka ule wa 1866 watu wake wa Komoro, pamoja na mkubwa wao Musa, walimtoroka, wakafika Unguja wakasema ameuawa na Mazitu. Walieleza na namna alivyoanguka. Wengi wakaamini, maana waliosema walikuwa mashahidi. Wengine hawakuridhika. Mwaka wa 1867 akatumwa Edward Young na mashua mpaka ziwa Nyasa. Akauliza kijiji kwa kijiji, akakuta watu waliomwona Livingstone hai mbali kupita pale Musa alipomwulia. Uongo ukafa kwa kuulizwa. Hakuna aliyemwambia Young kwamba kuuliza ni dhambi.

Alifika Kabambare, ambayo katika vitabu vyake aliiandika Bambarre, tarehe 21 Septemba 1869, akisafiri pamoja na Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu aliyemtendea mema mengi. Tangu Julai 1870 alikaa pale akiwa na vidonda vya miguu vinavyokula nyama mpaka mfupa. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu Januari 1867. Mpaka Februari 1871 hakuweza kuondoka. Katika siku zake za Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Kitu kimoja alichokifanya katika nchi yetu lazima wajukuu wakijue. Waarabu na watu wao walimwambia kwamba Wamaniema hula watu. Mwanzoni hakukubali. Alitaka kuona, akauliza huku na huku, akaandika kwamba mahakama ya Uskoti ingesema jambo halijathibitishwa. Baadaye aligeuza maneno, hatufichi. Lakini kwa muda mrefu mzungu huyu alidai ushahidi kabla ya kuwahukumu babu zetu, wakati mto hakuudai kitu.

Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe. Kwa mara ya kwanza akaona Lualaba jinsi ulivyo mpana. Alitaka mtumbwi aufuate mto, asijue unakwenda wapi. Watu wakakataa kumwuzia kwa kuogopa kwamba naye ni wa wale wanaoteka watumwa. Akawa anakwenda sokoni kila siku ya soko. Aliandika habari za wanawake waliokuja na mihogo, samaki, kuku, chumvi, vyungu na mafuta ya mawese, namna walivyobishana bei na kucheka. Mtu aliyeuona mji wa Nyangwe kwa macho yake atajua hakuongeza kitu.

Tarehe 15 Julai 1871 watu watatu wenye bunduki, wa kundi la Dugumbe, waliingia sokoni. Ugomvi wa bei ya kuku ukaanza, kisha risasi. Wanawake wakakimbilia mitumbwi iliyokuwa imebanana katika kijito, na wengine wakapiga risasi toka upande wa pili. Waliruka majini, wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, vichwa vikapotea kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika hayo yote juu ya karatasi za gazeti kuukuu, kwa wino wa maji ya matunda, maana wino ulikuwa umekwisha. Habari hizo zilifika Ulaya mwaka wa 1872, zikawasha watu mioyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Nguvu ya mambo hayo ilikuwa hii: mtu alikuwapo, aliona, akaandika.

Hata hivyo shahidi naye hupimwa. Mwaka wa 2011 wataalamu walizisoma zile karatasi za gazeti kwa mianga ya namna ya pekee, kwa kuwa wino ulikuwa umefifia. Waliona kwamba maneno ya siku zile hayalingani kila mahali na yale aliyoyanakili baadaye kwa utulivu, na wakajiuliza kama alificha ubaya wa watu wake mwenyewe. Hatuwezi kumtetea. Wafu wa Nyangwe hawapungui kwa sababu hiyo, lakini ni haki aulizwe.

Aliondoka Nyangwe amevunjika moyo, akafika Ujiji Oktoba 1871 akitegemea mali yake iliyotumwa toka pwani. Haikuwako. Mtu aliyeitunza, Sherif, alikuwa ameiuza yote. Alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Kurani, ikamwonyesha Livingstone amekufa. Jirani zetu Waislamu wa Kasongo watatuambia, nao wana haki, kwamba huyo alitumia Kitabu kama mwizi atumiavyo ufunguo. Na kwetu wapo. Anayesema ameona katika ndoto kwamba shamba la fulani ni lake, aulizwe kwanza ndoto hiyo imemletea faida gani.

Mwezi wa Novemba 1871 Stanley akamkuta pale Ujiji. Wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini ya Tanganyika, kwa sababu wengi walisema mto Rusizi hutoka ziwani na kwenda kwenye Nile. Walifika wakatazama. Rusizi unaingia ziwani. Wakaandika hivyo, jambo likaisha. Ingekuwa rahisi namna hiyo kwa Lualaba, kama angepata mtumbwi! Mwaka wa 1872 aliandika katika daftari lake kwamba mashaka yanamsumbua daima, na hofu kwamba labda amefuata mto Kongo. Alijua. Hakuweza kuacha.

Akarudi kusini na watu wapya waliotumwa na Stanley, wakazunguka katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua, yeye akitokwa na damu tumboni, akibebwa. Mwanzo wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso juu ya mto wa kulalia, amekufa.

Hapo ndipo tunamjibu kijana wetu. Mambo aliyoyaamini juu ya Zambezi yalikuwa ya uongo, na ya Nile vivyo hivyo, na watu walikufa. Lakini hakupiga magoti mbele ya mto. Alimtegemea Yule ambaye alikuwa ametembea naye miaka zaidi ya 30, katika simba, homa na msiba. Hata sisi hatumwombi mama yetu cheti kila asubuhi kabla ya kula ugali wake; tumekula mkononi mwake tangu utoto, na huo ndio ushahidi. Imani tunayoijua ni ya namna hiyo: ni kumtegemea mtu aliyekwisha kuonekana mwaminifu. Maporomoko hayaondoki kwa imani hiyo, wala homa haipimwi kwayo. Na Tomaso, mzee wetu, hakufukuzwa. Alionyeshwa mikono.

Watumishi wake wangeweza kumzika na kwenda zao. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti pale Chitambo, na Jacob Wainwright akasoma maombi. Wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika gamba la mti na nguo, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Huko Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Tunadhani walijua kwamba Ulaya hawataamini neno la watu weusi wakifika mikono mitupu. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Ulipofika London, mwili haukuwa tena na sura ya kutambulika. Sir William Fergusson, munganga, akaufungua, akaushika mkono wa kushoto, akaukuta ule mfupa wa Mabotsa ambao haukuunga. Basi wakakubali. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster.

Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Cameron alifika Nyangwe na vyombo vyake, akapima mwinuko wa nchi, akaona Lualaba pale uko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Stanley aliondoka Nyangwe Novemba 1876, akaufuata mto, akatokea Boma tarehe 9 Agosti 1877. Ulikuwa Kongo.

Swali la kijana litarudiwa katika mafundisho ya Jumatano, saa tisa, watu wakitoka mashambani. Tumemwomba asimame alisome yeye mwenyewe, na yule mama tumemwalika.